Taa ya Cheki Injini Imewaka: Mwongozo Kamili wa Kusaka Tatizo la EFI na Moshi kwenye Gari la Petroli

"Fundi, mashine imeshasema ni sensa ya oksijeni. Wewe nifungie tu."

Mama mmoja aliniambia hivyo akiwa ameshika boksi la sensa mpya. Gari lake lilikuwa Toyota IST, kodi ilikuwa P0171, yaani hewa imezidi mafuta, na hiyo ilikuwa sensa ya pili. Ya kwanza alifungiwa gereji nyingine wiki mbili kabla, pamoja na eafloo (sensa ya kupima hewa inayoingia) ya mtumba. Taa ikafutwa, siku ya tatu ikarudi. Nilipochunguza nilikuta ufa kwenye mpira wa hewa unaotoka kwenye boksi la kichujio kwenda kwenye throtoli, mlango wa hewa wa injini. Ulikuwa na urefu wa kidole kidogo, upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uuchomoe mpira wenyewe.

Kodi (siyo ile ya TRA) ni lalamiko la kompyuta. Kompyuta haina macho ya kuuona ufa. Inachojua ni kwamba imeongeza mafuta, ikaongeza tena, na bado sensa inaiambia hewa imezidi. Ikafika mwisho wa ruhusa yake, ikawasha taa. Ukikimbilia dukani kununua kitu kilichotajwa kwenye kodi, mara nyingi unamnunulia dawa aliyepiga kelele na kumwacha anayeumwa.

Mwongozo huu ni wa magari ya petroli yenye EFI, yaani mafuta yanapulizwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta, na mifano yangu mingi inatoka kwenye injini ya Toyota 1NZ-FE ya lita 1.5, ile iliyomo kwenye IST, Probox, Raum na Premio ndogo, kwa sababu ndiyo inayoingia gereji kila siku. Dizeli za common rail sizigusi hapa. Presha yake inapita bar 1,000 na inaweza kupenya ngozi ya mkono. Hizo zinataka somo lake.

Kwanza, elewa kompyuta inavyofikiri

Petroli inaungua vizuri kwa uzito wa hewa 14.7 kwa mafuta 1. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inapima hewa inayoingia, inasoma joto la maji na la hewa, inasoma throtoli na mzunguko wa kranki, kisha inaamua nozeli ifunguke kwa muda gani. Muda wenyewe ni mfupi sana: gari likiwa sailensi (linaunguruma bila kukanyagwa), injini ikiwa na moto, ni kama milisekunde 2 hadi 3.

Baada ya kukisia, inaonja. Muonjaji ni sensa ya oksijeni ya mbele, iliyo kwenye ekzosti kabla ya masega (kisafisha moshi, catalytic converter). Ikionja mchanganyiko mwepesi, kompyuta inaongeza mafuta; ikionja mzito, inapunguza. Sensa haionji vizuri mpaka ifikie joto la nyuzi 300 hivi, ndiyo maana ina hita ndani yake, na ndiyo maana injini ikiwa ya baridi kompyuta haimsikilizi muonjaji kabisa.

Masega nayo, yale yanayouzwa kwa sababu ya platinamu, paladiamu na rodiamu zilizomo, yanasafisha moshi vizuri pale tu mchanganyiko unapokaa karibu sana na hiyo 14.7. Kwa hiyo usiutenganishe mfumo wa mafuta na mfumo wa moshi kichwani mwako. Tatizo la nozeli leo ni tatizo la masega baada ya miezi sita.

Vifaa

Skana inayoonyesha data wakati injini inaunguruma, siyo ile ya kusoma na kufuta kodi tu. Kidude cha ELM327 na simu vinatosha kuanzia, ila vile vya bei ya kutupa vingi havishiki lugha zote za magari. Halafu kuna Toyota za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000: soketi ya kuchomekea skana ina pini 16 kama kawaida, lakini kidude kinakataa kuunganika. Gari ni zima na kidude kizima, ila hawaelewani lugha.

Zaidi ya hapo: multimita ya dijitali, geji ya presha ya mafuta, geji ya vakyumu, geji ya kompresheni, na chupa ya kupulizia maji. Geji ya vakyumu ni ya bei ndogo na mafundi vijana wengi hawana. Nikiambiwa nichague kimoja baada ya multimita, nachukua hiyo.

Hatua ya 1: kabla hujachomeka mashine

Washa swichi hadi ON bila kupiga stata. Taa ya cheki injini lazima iwake. Isipowaka, kuna mambo mawili: ama mtu ameizima kwa makusudi ili auze gari (nimekuta balbu imetolewa, nimekuta plasta nyeusi nyuma ya dashibodi), ama kontroli boksi haipati umeme. Kama taa haiwaki na injini haiwaki pia, anza na fyuzi ya EFI na rilei kuu, achana na mengine.

Pima betri. Ikiwa imepumzika iwe karibu volti 12.6, wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6, injini ikiunguruma iwe kati ya 13.5 na 14.5. Betri dhaifu inaleta kodi za ajabu zisizo na uhusiano wowote kati yake, na watu wamebadilisha kontroli boksi kwa kosa la terminali yenye kutu.

Kisha fungua boneti uangalie kwa macho na mikono. Mipira ya vakyumu, klipu za mpira wa hewa, soketi ambazo hazijabana, waya uliotafunwa na panya. Muulize mwenye gari maswali: taa iliwaka lini, baada ya nini? Ukisikia "niliosha injini jana" umeshapata nusu ya jibu. Maji ya presha yanaingia kwenye visima vya plagi na kukaa humo.

Uliza pia alijaza mafuta wapi. Uchakachuaji haujaisha, japo EWURA, mdhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (kemikali za alama) kwenye mafuta mwaka 2010. Jaribio la haraka: dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka ndani ya dakika chache bila kuacha alama ya mafuta. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha duara la mafuta lisilokauka.

Hatua ya 2: soma kodi, ziandike, usifute

Ukifuta kodi unafuta na picha ya tukio iliyohifadhiwa pamoja nayo: mzunguko wa injini, joto la maji, mwendo wa gari na mzigo wa injini pale taa ilipowaka. Hiyo picha ni dhahabu. Kodi ya P0171 iliyotokea gari likiwa sailensi na kodi hiyohiyo iliyotokea kwenye kilometa 100 kwa saa ni matatizo mawili tofauti kabisa, na utaona sababu hapo chini. Piga picha skrini kwa simu kabla hujagusa kitu.

Namba zina mpangilio. P ni injini na gia. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, kodi ni ya kawaida kwa magari yote. Ikiwa 1, mara nyingi ni ya mtengenezaji. Tarakimu baada ya hiyo inakuambia mtaa: 1 na 2 ni hewa na mafuta, 3 ni moto wa plagi na misi (silinda kukosa kuwaka), 4 ni vifaa vya moshi, 5 ni mwendo na sailensi, 6 ni kompyuta yenyewe, 7 na 8 ni gia.

Zikiwa kodi nyingi, usianze na ya kwanza kwenye orodha. Anza na zile za umeme na sensa, zinazozungumzia volti ya juu au ya chini, kisha misi, kisha mchanganyiko, na P0420, ile ya masega kuchoka, iwe ya mwisho kabisa. Misi inaleta P0171, na misi inaua masega. Ukianza mwishoni utalipia vitu vitatu.

Taa ikipepesa wakati gari linaendeshwa, maana yake petroli isiyoungua inaingia kwenye masega na kuyachoma muda huohuo. Mwambie mteja asilikanyage, na kama inawezekana asimame.

Kwa zile Toyota zisizoelewana na kidude, kuna njia ya zamani: unganisha pini ya 13 na ya 4 kwenye soketi ya pini 16 kwa kipande cha waya, weka swichi ON, uhesabu taa inavyopepesa. Mbili, kituo, moja ni kodi 21, sensa ya oksijeni. 22 ni joto la maji, 25 mchanganyiko mwepesi, 26 mzito, 31 upimaji wa hewa, 41 throtoli. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kodi. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuunganisha: pini ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, na ukiikutanisha na ya 4 fyuzi inakwenda.

Hatua ya 3: je, sensa zinasema kweli?

Lifanye hili asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Swichi ON, injini imezimwa. Joto la maji na joto la hewa vinapaswa kulingana, tofauti isizidi nyuzi chache, na vyote vilingane na joto la hapo ulipo. Ukiona maji yanasomeka nyuzi 28 na hewa nyuzi 5, hapo Dar es Salaam, mmoja anadanganya.

Ili ujue kama mwongo ni sensa au waya, chomoa soketi ya sensa ya joto la maji. Skana iruke hadi nyuzi hasi 40. Kisha unganisha matundu mawili ya soketi kwa waya. Isomeke juu, kwenye 130 hadi 140. Ikifanya yote mawili, waya na kompyuta ni vizima na sensa ndiyo mbovu. Sensa yenyewe kwa nyuzi 20 iwe na ukinzani wa kilo-omu 2.3 hadi 2.6, na kwa nyuzi 80 karibu kilo-omu 0.32. Sensa hii ikidanganya kwamba injini ni ya baridi, gari linakunywa mafuta na halitoi kodi yoyote, maana nyuzi 20 ni namba inayowezekana. Lalamiko la "gari langu linakula mafuta" naanzia hapa.

Kama gari lina sensa ya presha ya manifoldi, itazame swichi ikiwa ON na injini imezimwa. Hapo inasoma hewa ya mahali ulipo. Dar, Tanga na Mombasa iseme karibu kilopaskali 101. Dodoma karibu 89. Arusha karibu 86. Nairobi karibu 82. Fundi wa Arusha anayesoma kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari atailaani sensa nzima. Na geji ya vakyumu nayo: Dar injini nzima inavuta inchi 17 hadi 21 za zebaki ikiwa sailensi, na kila ukipanda mita 300 toa inchi moja.

Eafloo: injini ikiwa na moto na sailensi, isome kama gramu moja kwa sekunde kwa kila lita ya injini au zaidi kidogo. 1NZ-FE inakaa kwenye 1.5 hadi 2.5. Waya wake ukishika vumbi na mafuta ya kichujio kile cha kulowekwa oili, unapima pungufu. Isafishe kwa spirei yake maalumu, usiguse kwa kidole wala pamba, na usitumie spirei ya kabureta.

Hatua ya 4: marekebisho ya mafuta, mapigo ya moyo ya injini

Kama nikiruhusiwa kutazama namba mbili tu kwenye skana, ni hizi. Kwenye skrini zinaandikwa STFT na LTFT. Ya kwanza ni marekebisho ya papo hapo, inapanda na kushuka muda wote. Ya pili ni mazoea: kompyuta imejifunza kwamba gari hili linahitaji kuongezewa au kupunguziwa kiasi fulani, ikaweka akilini. Zijumlishe. Jumla ikikaa kati ya hasi 10 na chanya 10 kwa mia, tulia. Chanya ina maana kompyuta inaongeza mafuta kwa sababu inaonja hewa nyingi. Hasi, inapunguza.

Sasa zipime mahali patatu, uandike kila mara: sailensi, kisha 2,500 RPM (mizunguko kwa dakika) gari likiwa limesimama, kisha barabarani likiwa na mzigo, mlima ukipatikana.

Chanya kubwa sailensi, inashuka kukaribia sifuri kwenye 2,500: hewa ya wizi. Kuna tundu baada ya eafloo. Tundu linaingiza hewa kiasi kilekile. Sailensi injini inavuta hewa kidogo kwa hiyo wizi unaonekana mkubwa, ukikanyaga unamezwa. Kwenye ile IST jumla ilikuwa chanya 27 sailensi na chanya 6 kwenye 2,500. Pale pale nilijua kwamba sensa aliyoishika yule mama haihusiki. Sensa inayodanganya ingedanganya kote.

Chanya ndogo sailensi, inaongezeka kadiri unavyokanyaga: mafuta hayafiki ya kutosha, au eafloo inapima pungufu. Pampu, kichujio kilicho ndani ya tangi, nozeli zilizoziba. Nenda hatua ya presha.

Chanya kote kwa kiwango kinachofanana: fikiria presha ya mafuta, eafloo, au ekzosti inayovuja kabla ya sensa. Huu wa mwisho unawakamata wengi. Ufa kwenye manifoldi ya ekzosti unavuta hewa ya nje katikati ya mapigo ya moshi, sensa inaonja oksijeni, kompyuta inamwaga mafuta kwenye injini isiyoyahitaji. Misi nayo inafanya hivyohivyo: silinda isiyoungua inatoa oksijeni yake yote bila kuitumia, na sensa inasema "mwepesi" wakati petroli mbichi inapita pembeni yake.

Hasi kubwa: nozeli inayovuja, presha ya juu, valvu ya kuvuta mvuke wa tangi iliyokwama wazi, au eafloo inayopima kupita kiasi. Nusa oili kwenye dipstiki. Ikinuka petroli, mvuke wake unarudi ndani ya injini kupitia PCV (valvu inayorudisha mvuke wa oili kuungua) na kusukuma namba kwenda hasi. Badilisha oili kwanza, ndipo uhukumu.

Kutafuta hewa ya wizi: injini ikiwa sailensi, pulizia maji kidogo kidogo kwenye gasiketi ya manifoldi, miguu ya nozeli, mpira wa buster ya breki, mipira ya PCV. Usiloweshe koili. Mahali penye tundu, mlio unabadilika au STFT inaruka. Wengi wanatumia spirei ya kabureta; inafanya kazi haraka zaidi na inashika moto haraka zaidi, juu ya ekzosti ya moto. Nimeona boneti ikiungua, sitaki tena. Kama una mashine ya moshi, hiyo ndiyo bora kuliko zote.

Mpira wa hewa uutikise na uukunje kwa mkono huku ukitazama skana. Kisha mtu akanyage breki kwa nguvu, aweke D, uone injini inavyoinama kwenye mauntingi zake. Ile IST ndivyo ilivyojitaja: ikiwa N namba ilikuwa mbaya, ikiwekwa D injini ikainama na ufa ukafunguka kama mdomo wa samaki, STFT ikaruka juu na gari likataka kuzima.

Muonjaji mwenyewe unampima hivi. Sensa ya kawaida ya oksijeni inapaswa kurukaruka kati ya volti 0.1 na 0.9, injini ikiwa na moto kwenye 2,500. Ikibaki chini, ifanye ionje mafuta mengi: pulizia gesi ya kupikia kidogo kwenye njia ya hewa. Sensa ikikimbilia 0.8 au 0.9 mara moja, ni nzima, na alichokuwa anasema ni kweli. Angalizo: baadhi ya Toyota mbele zina sensa ya aina nyingine, inayokaa kwenye volti 3.3 mchanganyiko ukiwa sawa na kupanda ukiwa mwepesi, kinyume cha ile ya kawaida. Skana za kawaida zinaigawa kwa tano na kuonyesha 0.66. Ukiiona imetulia hapo usiihukumu kwamba imekufa.

Hatua ya 5: presha ya mafuta

Wengi wanasikiliza pampu kwa kuwasha swichi ON. Kwenye Toyota nyingi za aina hii pampu inasubiri ishara ya stata au mzunguko wa kranki, kwa hiyo ukimya kwenye ON haukuambii kitu.

Toa presha kwanza: chomoa fyuzi au soketi ya pampu, acha injini iungurume mpaka izime. Zima moto wote, hata sigara ya jirani. Funga geji. 1NZ-FE inataka kilopaskali 304 hadi 343, yaani bar 3 na ushee. Ukizima injini, baada ya dakika 5 isiwe chini ya 147. Ikishuka haraka, ama nozeli inavuja ama valvu ya pampu haishiki, na mteja atakuambia gari asubuhi linapigwa stata ndefu.

Presha ikiwa sawa sailensi lakini mteja analalamika mlimani, ipime mlimani, geji ikiwa imefungwa kwenye kioo kwa nje. Pampu iliyochoka inapita mtihani gereji na kufeli kwenye mlima wa Kitonga.

Nozeli: ukinzani omu 13.4 hadi 14.2 kwa nyuzi 20. Gereji yenye joto la nyuzi 33 usishtuke ukipata 14.7. Muhimu zaidi zote nne zifanane.

Hatua ya 6: gari linamisi

P0301 hadi P0304 zinataja silinda. P0300 haitaji. Ikitajwa, kazi ni rahisi na haina gharama: hamisha koili. Kodi ni P0302? Peleka koili ya silinda ya pili kwenye ya tatu, futa kodi, endesha. Ikirudi P0303, koili imekwisha. Ikibaki P0302, hamisha plagi. Ikibaki tena, nozeli. Ikigoma kuhama baada ya vyote vitatu, pima kompresheni: 1NZ-FE inapaswa kuwa karibu kilopaskali 1,471, isishuke chini ya 1,079, na silinda zisipishane zaidi ya 98. Hamisha kitu kimoja kwa wakati. Anayehamisha koili na plagi kwa pamoja amejinyima jibu.

Kwa P0300 isiyotaja mtu, tafuta kinachowagusa wote: mafuta, hewa ya wizi, presha, mnyororo wa taimingi ulioruka.

Hatua ya 7: P0420 na masega

Kuna sensa mbili, mbele na nyuma ya masega. Masega yakiwa mazima, ya mbele inarukaruka na ya nyuma imetulia kwenye volti 0.6 hadi 0.7. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, masega yamechoka. Kabla ya kuyahukumu hakikisha hakuna misi, marekebisho ya mafuta yako sawa, injini hailambi oili, na ekzosti haivuji kati ya sensa hizo.

Yakiziba, gari halina nguvu mlimani na linapata joto. Fungua sensa ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake: sailensi isizidi kilopaskali 10, kwenye 2,500 isizidi 20. Huna adapta? Tumia geji ya vakyumu, shikilia 2,500 kwa dakika moja. Sindano ikishuka polepole bila kurudi, moshi haupati njia.

Kuna wanaotoboa masega au kuyatoa wakauza, wakaweka kipande cha bomba, na kuidanganya sensa ya nyuma kwa kuisogeza nje ya moshi. Gari litatembea. Watoto waliokaa kiti cha nyuma kwenye foleni ya Ubungo ndio watakaovuta kaboni monoksaidi. Mimi kazi hiyo siifanyi, na mteja akiing'ang'ania namwonyesha barabara.

Kodi za mvuke wa tangi, P0440 na jamaa zake, anza na kifuniko cha tangi na mipira yake. Za EGR (valvu inayorudisha moshi kidogo kwenye injini), P0401, toa valvu usafishe masizi. Mara nyingi yanaishia hapo.

Hatua ya 8: waya kabla ya kompyuta

Sensa nyingi zinapewa volti 5 na kontroli boksi. Zikipotea kwenye sensa zote kwa pamoja, chomoa sensa moja moja; ukichomoa iliyoshoti, 5 zinarudi. Kwa ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri) usipime ukinzani, pima volti injini ikiunguruma: mkono mmoja wa multimita kwenye bodi ya injini, mwingine kwenye terminali hasi ya betri. Isizidi 0.1. Kisha tikisa mkungu wa waya taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho huku skana imewaka; waya uliokatika ndani ya ngozi yake utajionyesha namba ikiruka.

Kontroli boksi ya mtumba iwe mawazo ya mwisho. Kwa gari lenye imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua funguo) haitawasha hata injini bila kufundishwa funguo.

Hatua ya 9: thibitisha kabla hujakabidhi

Futa kodi sasa, ndiyo wakati wake. Kufuta kunasahaulisha pia mazoea ya mafuta, kwa hiyo gari linaweza kusumbua sailensi kwa muda mfupi likijifunza upya. Endesha angalau nusu saa, mjini na barabara ya wazi, injini ianze ikiwa ya baridi. Kodi nyingi za moshi zinataka kosa litokee safari mbili ndipo taa iwake, kwa hiyo taa iliyozima leo haithibitishi kitu. Angalia kodi zinazosubiri, na angalia LTFT imetulia wapi, palepale patatu ulipopima mwanzo.

IST ile, baada ya mpira mpya wa hewa, ilitulia kwenye chanya 2 sailensi na chanya 1 kwenye 2,500. Yule mama alirudi dukani na sensa yake, bado iko kwenye boksi. Wakamwonyesha maandishi ya chini kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Iko kabatini kwangu mpaka leo, ananisubiri nimtafutie mnunuzi.